Friji ya Kabatini: Joto Lipitie Wapi?

Wiki hii naweka seva na hifadhidata kando, tuingie jikoni. Ukitembelea nyumba mpya za ghorofa kule Kilimani au Kileleshwa utaona mtindo mmoja umeshika: kabati kutoka ukuta hadi ukuta, na friji haionekani. Ipo, ila mlango wake umevishwa ubao uleule wa kabati. Mgeni anayetaka maji baridi hufungua milango mitatu kabla ya kuipata. Friji ya namna hii, yenye friza chini na sehemu ya kawaida juu, huuzwa ghali kuliko ile ya kusimama peke yake yenye ujazo sawa, na nafasi yake ikishakatwa na seremala si rahisi kuibadilisha. Ukichagua vibaya utaishi na uchaguzi huo miaka kumi au zaidi.

Muuzaji atakueleza habari za lita, taa na droo ya mboga. Sawa. Lakini mimi ni mtu wa programu, na kazi yetu imenizoesha kuuliza kifaa kimefikaje hapa kilipo kabla ya kukiamini. Friji ya kabatini ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani, na karibu yote inazunguka swali moja: joto lipelekwe wapi? Ukiifuata historia hiyo utajua cha kuuliza dukani, na zaidi cha kumwuliza seremala.

Kwanza jambo la msingi. Friji haina baridi ya kutengeneza. Kazi yake ni kuhamisha joto. Ndani ya mabomba yake kuna gesi inayozunguka. Kwenye koili ya ndani inachemka kwa presha ndogo na kunyonya joto la maziwa na nyama. Kompresa inaivuta, inaikandamiza, kisha kwenye koili ya nje inarudi kuwa majimaji na kulitema lile joto, pamoja na joto la stima ambayo kompresa yenyewe imetumia. Kwa hiyo jikoni kwako friji ni hita ndogo. Sasa chukua hita hiyo uifungie kwenye kabati lisilo na tundu. Hewa inayoizunguka inapanda joto, kompresa inalazimika kufanya kazi muda mrefu zaidi, na kadiri inavyofanya kazi ndivyo inavyoongeza joto kabatini. Wenzangu mnaoandika programu mnalijua duara la aina hii na mnajua mwisho wake.

Cha kuchekesha ni kwamba kabati lilitangulia mashine. Kabla ya stima kuingia majumbani, Wamarekani walikata barafu kwenye maziwa yaliyoganda wakati wa baridi na kuiuza mbali. Bingwa wa biashara hiyo alikuwa Frederic Tudor wa Boston. Mwaka 1833 meli yake Tuscany ilipakia tani 180 za barafu kwenda Calcutta, safari ya miezi minne inayovuka ikweta mara mbili, na tani kama 100 zikafika zikiwa bado barafu. Ujuzi mkubwa wa biashara ile ulikuwa wa kuzuia joto lisiingie, na vumbi la mbao lilifanya kazi hiyo vizuri ajabu.

Nyumbani barafu ilikaa kwenye kabati la mbao lililopigwa zinki au bati ndani, kuta zake mbili zikijazwa vumbi la mbao au kitu kama hicho. Barafu juu, chakula chini, na beseni la kukingia maji miguuni. Nyumba nyingine ziliingiza kabati hilo ukutani kabisa na kuliwekea mlango mdogo upande wa nje, ili mchuuzi wa barafu aijaze bila kukanyaga jikoni. Basi friji ya kabatini ilikuwepo kabla ya friji! Tena haikusumbua mtu kwa joto, kwa sababu barafu ilimeza joto na kuondoka nalo kama maji kwenye beseni. Seremala wa zama zile aliyefunika kila upande hakuharibu chochote. Wa leo akifanya vivyo hivyo anaua kompresa.

Mashine zilikuja polepole. Jacob Perkins, Mmarekani aliyeishi London, alipata hataza mwaka 1834 ya mashine iliyotumia etha, na mzunguko wake kimsingi ndio uliomo kwenye friji yako. Huko Ujerumani katika miaka ya 1870, Carl von Linde aliwatengenezea wapika bia mashine kubwa zilizofanya kazi kwa uhakika. Lakini hizo zilikuwa mitambo ya kiwandani. Kufikisha kitu kama hicho jikoni kulichukua miaka mingine arobaini hivi. Mwaka 1913 Fred Wolf wa Chicago alitoa Domelre, mashine ndogo ya stima iliyopachikwa juu ya kabati la barafu ambalo mwenye nyumba alikuwa nalo tayari. Naipenda hatua hiyo: hakumwambia mteja atupe alichonacho, aliunganisha kipya na cha zamani.

Wengine walifuata njia tofauti. Kompresa iliwekwa chumba cha chini ya nyumba, mabomba yakapanda hadi kwenye kabati la jikoni. Kwa lugha yetu tungesema seva iko chini, mteja yuko juu. Kelele na joto vilibaki chini, jikoni pakawa shwari. Ubaya wake ulikuwa urefu wa mabomba na wingi wa viungio, na kila kiungio ni mahali pa kuvuja.

Kuvuja halikuwa jambo dogo, maana gesi za wakati ule zilikuwa amonia, salfa dioksaidi na methili kloridi, zote sumu. Kuna habari ya familia moja ya Berlin iliyokufa usingizini kwa gesi ya friji, na habari hiyo ilimgusa Albert Einstein mwenyewe. Yeye na mwenzake Leo Szilard walianza mwaka 1926 kubuni friji isiyo na sehemu inayosogea, yaani isiyo na mahali pa kuchakaa na kuvuja, wakapata hataza kadhaa, moja ya Marekani mwaka 1930. Haikuwahi kuuzwa madukani. Lakini hebu fikiria: mtu aliyepindua fizikia nzima alikaa akakuna kichwa kwa sababu ya friji ya jikoni.

Jibu lililoingia sokoni kwa kishindo lilikuwa la General Electric mwaka 1927. Mota na kompresa vilifungiwa pamoja ndani ya chuma kisichopitisha hewa, na mtungi huo pamoja na koili yake ukakaa juu ya kabati jeupe kama kofia. Watu waliufananisha na mnara wa mizinga wa ile meli ya vita Monitor, ndiyo maana friji ile ikaitwa Monitor Top. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja. Ukiiangalia picha yake leo unaweza kucheka, ila kihandisi iko sawa kabisa: joto hupanda, na koili iliwekwa juu, peupe, mahali ambapo hewa ya moto huondoka bila kusukumwa. Hakuna friji iliyokuwa wazi kuliko hiyo kuhusu inapotolea joto lake.

Kisha ikaja gesi iliyobadilisha kila kitu. Thomas Midgley na wenzake waliibuni mwaka 1928, na mwaka 1930 mbele ya wanakemia wa Marekani Midgley aliivuta puani kisha akaipuliza kwenye mshumaa, mshumaa ukazimika. Haikuwa sumu wala haikuwaka moto. Jina lake la biashara ni Freon. (Midgley huyuhuyu ndiye aliyegundua faida ya kuweka risasi kwenye petroli. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Sijui mtu mwingine mmoja aliyeiachia hewa ya dunia kazi nyingi hivyo.) Gesi ikiwa salama, hofu ya kukaa karibu na mashine ikaisha. Mtungi ukashushwa chini, koili ikahamishiwa mgongoni, na friji ikawa sanduku laini lenye sura ya samani. Hapo ndipo watu walipoanza kusahau kwamba ni hita.

Wakati huohuo jiko lenyewe lilikuwa linabadilika. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la nyumba za umma za Frankfurt, chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, kila droo na kila meza imepimwa kwa hatua za mpishi. Yapata majiko 10,000 ya mchoro huo yalijengwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wazo lake lilisambaa Ulaya, na vipimo vikaanza kukubaliana: kabati la sentimita 60, jiko la sentimita 60, mashine ya kufulia sentimita 60. Mimi naliona hilo kama kiolesura. Mtengenezaji wa kabati na mtengenezaji wa friji hawajuani, lakini wote wameheshimu kipimo kimoja, basi vitu vyao vinaingiana. Uswisi waliamua sentimita 55, na hadi leo viwanda vinawatengenezea vifaa vya kipimo chao peke yao. Kila aliyewahi kulea mfumo wa zamani usiokubali kufa atawaelewa.

Marekani mtu anayetajwa sana ni Westye Bakke, aliyeanzisha Sub-Zero mjini Madison, Wisconsin, mwaka 1945. Miaka ya 1950 kampuni yake ilianza kutoa friji zenye kina cha kabati, kama sentimita 61, zisizochomoza nje. Tatizo la joto walilitatua kwa kuweka kompresa juu na kuifunika kwa kichungio kinachotazama jikoni, hewa ikaingia na kutoka kwa mbele. Kwa hiyo kabati likiziba nyuma na pembeni, friji bado inapumua. Ulaya wakafuata njia nyingine. Hewa ya baridi inaingia chini, kwenye ubao wa miguuni mwa kabati, inapanda nyuma ya friji ikibeba joto, inatokea juu. Kabati lenyewe limekuwa bomba la moshi, na seremala amekuwa sehemu ya friji bila kuajiriwa na kiwanda. Friji nyingi za kabatini zinazouzwa Kenya ni za mtindo huu wa Ulaya. Tutarudi hapo.

Freon nayo ilikuwa na deni lake. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda hadi juu kabisa angani na kula tabaka la ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko. Wenzangu wa programu, sehemu hii ni yetu. Setilaiti ya NASA ilikuwa imeviona vipimo hivyo, lakini programu ilikuwa imeagizwa kuwekea alama ya shaka kila namba iliyoshuka mno. Watu husimulia kwamba namba zilitupwa. Hazikutupwa, zilihifadhiwa na alama zake, na wachunguzi walikuwa bado wanajiuliza kama kifaa kimeharibika wakati Waingereza walipochapisha vipimo vyao vilivyochukuliwa ardhini.

Mkataba wa Montreal ukafuata mwaka 1987, na sekretarieti yake iko hapa kwetu Gigiri, kwenye makao ya UNEP. Viwanda vilihamia gesi nyingine, R134a, isiyogusa ozoni. Ila gesi hiyo hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi, na mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali zikakubaliana kuipunguza pamoja na ndugu zake.

Jibu la friji za nyumbani lilikuwa limeshapatikana, na lilitoka mahali pasipotarajiwa: kiwanda cha Scharfenstein, Ujerumani Mashariki ya zamani, kilichokuwa karibu kufungwa baada ya nchi mbili kuungana. Mwaka 1992, kwa ushirikiano na Greenpeace, kilitengeneza friji inayotumia mchanganyiko wa propani na butani, gesi za ukoo mmoja na ile ya mtungi wako wa kupikia. Viwanda vikubwa vya Magharibi viliwaonya wauza friji kwamba kitu hicho kinaweza kulipuka. Muda mfupi baadaye vyenyewe vikaanza kuziuza. Kiwanda kile, wakati huo kikiitwa Foron, kilifilisika katikati ya miaka ya 1990, na gesi yake imeenea dunia nzima. Sijui kama kuna haki katika hadithi hiyo, lakini sisi wa programu huria tunaifahamu sana.

Siku hizi gesi hiyo huandikwa R600a, yaani isobutani, na huo ndio mwandiko wa kutafuta kwenye kibandiko kilicho ndani ya mlango. Ndiyo, inawaka. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vimeweka kikomo cha gramu 150 kwa mzunguko mmoja, na friji nyingi hutumia nusu ya hapo au chini. Kwangu mimi kinachotisha zaidi kuhusu moto ni plastiki ya mgongoni. Moto wa Grenfell Tower, London, Juni 2017, uliua watu 72. Ulianzia jikoni, kwenye friji kubwa au karibu yake, ingawa kilichousambaza jengo zima ni ukuta wa nje uliovikwa vitu vinavyowaka. Friji inayokwenda kukaa ndani ya sanduku la mbao, mwombe muuzaji aigeuze uone mgongo wake. Uwe wa chuma. Ikiwa ni plastiki tupu, mwache nayo.

Sasa turudi kwa seremala. Friji ndefu ya kabatini ya Ulaya huhitaji nafasi ya upana wa sentimita 56, kina cha angalau 55, na kimo cha 178 hivi. Ziko fupi pia, za 122 na 140. Watengenezaji wengi huomba njia ya hewa isiyopungua sentimita za mraba 200, chini na juu. Huo ni mwanya wa sentimita 4 ukipita upana wote wa kabati. Uwepo kwenye ubao wa miguuni, uendelee wazi nyuma ya rafu ambayo friji imekalia, na utokee juu bila kuzibwa na dari. Kazi nzuri ya kufunika kila kitu hadi juu, ile inayosifiwa kwenye picha, ndiyo inayoziba njia. Mafundi wengi wa kabati hawajawahi kuonyeshwa karatasi ya vipimo, basi ipakue mwenyewe, ichapishe, umpe kabla hajakata ubao wa kwanza. Ukinunua nyumba iliyokwisha kujengwa, vua ubao wa miguuni umulike kwa tochi. Ukikutana na ukuta wa mbao, hesabu gharama ya kuukata ndani ya bei ya friji.

Halafu kuna herufi ambazo watu huzipita. Friji hupangwa kwa hali ya hewa ya chumba: SN ni nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43. Mombasa mwezi Machi jikoni hufika 32 kabla hujawasha jiko, na kabatini ni zaidi. Kule chukua T, usijadiliane. Garissa vivyo hivyo. Nyanda za juu hadithi inageuka. Limuru mwezi Julai jikoni panaweza kushuka chini ya nyuzi 16, na friji yenye kipimajoto kimoja tu, kilicho sehemu ya juu, huona kwamba maziwa ni baridi tayari na kuiacha kompresa ilale. Friza, inayotegemea kompresa hiyohiyo, inaanza kuyeyuka. Mtu analaumu fundi, analaumu stima, kumbe ni baridi. Huko tafuta SN, au iliyoandikwa SN-T inayoshika pande zote mbili, na ikiwezekana yenye udhibiti wa sehemu mbili zilizotengana.

Ujazo usikudanganye. Kuta za kabati hula nafasi, na friji ya kimo cha 178 hubeba lita 250 hadi 280 hivi, pungufu ya ile ya kusimama yenye kimo hichohicho. Ikiwa mnanunua nyama ya mwezi mzima, angalia friza kwanza. Nyingine hugawa nusu kwa nusu, nyingine huipa friza chini ya theluthi. Mlango nao una mitindo miwili: ubao wa kabati unafungwa moja kwa moja kwenye mlango wa friji, au unateleza juu yake kwa reli za plastiki. Wa kwanza hubeba ubao mzito vizuri zaidi na hufunga kwa uhakika, ingawa ni ghali kidogo.

Zile za Marekani ziache, hata kama ndugu aliye Texas amejitolea kuisafirisha. Zimeundwa kwa volti 115 na hezi 60, sisi tuko 240 na 50. Transfoma itashusha volti, haitabadilisha hezi. Lebo ya Ulaya ya A hadi G iliyoanza Machi 2021 isaidie kulinganisha friji na friji, maana hesabu yake inachanganya vipimo vya nyuzi 16 na 32. Pwani utalipa stima zaidi ya namba iliyoandikwa.

Mwisho ni stima yenyewe. Ikikatika na kurudi papo hapo, presha ndani ya mabomba bado haijasawazika, na kompresa hujaribu kuanza ikiwa imebebeshwa mzigo. Kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha stima dakika tatu au zaidi ni bei ndogo kulinganisha na kompresa iliyoungua ndani ya kabati. Soketi yake iwe kwenye kabati la jirani, mahali mkono unafika. Wengi huiweka nyuma ya friji, na siku mnataka kuizima haraka ndiyo siku mnaanza kutafuta bisibisi.